Kwa Nini Meno Hutofautiana Kati ya Jamii, na Kwa Nini Jino Moja Halitoshi

Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu tofauti za meno kati ya jamii za watu huulizwa swali lilelile kila aendako, hata siku ya kutetea kazi yake: ukipewa jino moja tu, unaweza kujua mwenyewe alikuwa mtu wa wapi? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo linaloipa fani hii thamani yake. Jino ambalo likiwa peke yake haliwezi kumtaja mwenyewe, likikusanywa pamoja na mamia ya mengine linaweza kueleza ni jamii zipi zina asili moja, zipi zilichanganyika, na zipi zilitengana maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajaandika historia. Mambo haya mawili huchanganywa sana, hata na wasomi, na madhara ya kuyachanganya si madogo.

Tuanze na kisichotofautiana. Binadamu wote huota meno ya ukubwani kwa mpango mmoja: manane ya mbele ya kukatia, chonge nne, magego madogo manane na magego makubwa 12, jumla 32, ingawa wengine hukosa gego la mwisho moja au yote manne. Hakuna jamii yenye aina ya jino ambayo wengine hawanayo. Kinachotofautiana ni vitu vidogo juu ya jino lenyewe: ukingo uliotuna, kinundu cha ziada, mkunjo wa mfereji kati ya vinundu, mzizi uliogawanyika. Na hata hivyo vidogo havimilikiwi na jamii moja. Karibu kila kimoja huonekana karibu kila pembe ya dunia. Kinachobadilika kutoka jamii moja hadi nyingine ni wangapi katika kila mia wanacho, na kimejitokeza kwa kiasi gani. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya utafiti huu umeshaielewa.

Kwa nini basi wanaanthropolojia wang'ang'anie meno badala ya pua, urefu au mifupa? Sababu iko katika namna jino linavyoundwa. Taji la jino, ile sehemu inayoonekana juu ya ufizi, hutengenezwa mara moja tu, likiwa bado limefichwa ndani ya taya. Gego kubwa la kwanza huanza kuundwa karibu na siku ya kuzaliwa. Taji lake hukamilika mtoto akiwa na miaka mitatu hivi, kisha jino hukaa likisubiri hadi umri wa miaka sita au karibu na hapo ndipo lichomoze. Seli zilizojenga enameli, lile ganda gumu la nje la taji, hutoweka jino linapochomoza, kwa hiyo hakuna tena chembe hai inayoweza kulirekebisha kwa nje. Mfupa una maisha mengine kabisa: hujijenga upya muda wote, ukibadilika kulingana na kazi, lishe na maradhi. Enameli inaweza kusagika, kutoboka au kuvunjika, lakini haiwezi kuota kinundu kipya mtu akiwa na miaka 30. Vinundu alivyonavyo mtu mzima ndivyo alivyokuwa navyo utotoni, ila sasa vimechakaa.

Pamoja na hilo, sifa nyingi za taji hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha zilizoendeshwa Adelaide, Australia, tangu miaka ya 1980 zimelionyesha hilo mara kwa mara: mapacha wa yai moja hufanana meno kwa karibu kuliko mapacha wa mayai mawili. Tena enameli ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hivyo meno hudumu ardhini hata pale mifupa ilipokwisha kuoza. Mtafiti anaweza kulinganisha watu walio hai na watu waliokufa miaka 10,000 iliyopita kwa kuangalia kitu kilekile. Ni sehemu chache sana za mwili zinazotoa nafasi hiyo.

Sasa twende kwenye sifa zenyewe, na iliyo maarufu kuliko zote unaweza kuitafuta sasa hivi. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno mawili makubwa ya mbele ya juu. Kwa wengine ulimi utateleza kwenye uso ulio karibu bapa. Kwa wengine utagonga kingo mbili, moja kila upande, zinazoanzia karibu na ufizi na kushuka hadi kwenye makali ya jino, zikiacha bonde katikati. Jino la namna hii huitwa jino la beleshi. Katika jamii za wenyeji wa asili wa Amerika na kaskazini mashariki mwa Asia, mabeleshi yaliyokolea wanayo watu wengi sana. Ulaya na Afrika kusini mwa Sahara ni machache.

Aleš Hrdlička, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, aliliandikia jambo hili mwaka 1920 na kuyapanga meno katika makundi manne: beleshi kamili, nusu beleshi, dalili tu, na hakuna. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Nusu ya nani? Alichokiita mmoja nusu beleshi, mwingine alikiita dalili, na asilimia za tafiti mbili hazikuweza kuwekwa meza moja. Katika miaka ya 1950 Albert Dahlberg wa Chicago alianza kusambaza vielelezo vya plasta, meno yaliyopangwa kutoka lisilo na sifa hadi lenye sifa iliyokolea, ili kila mtafiti popote alipo alinganishe na kitu kimoja. Christy Turner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliupanua mtindo huo, na mwaka 1991 wakachapisha utaratibu ambao hadi leo ndio unaotumiwa zaidi duniani, wenye sifa kadhaa za taji na mizizi, kila moja na madaraja yake. Beleshi hupewa daraja kuanzia 0 hadi 7.

Kwa mwanafunzi, vielelezo hivi ndiyo shule ya kwanza. Chukua gego kubwa la kwanza la juu na uligeuze upande unaoelekea ulimi. Kwenye kona ya mbele ya upande huo kuna mahali ambapo Georg Carabelli, daktari wa meno wa mfalme wa Austria, alipaeleza katika miaka ya 1840, na sifa ya hapo bado inaitwa kwa jina lake. Gego la mtu mmoja litakuwa laini kabisa, daraja 0. La mwingine litakuwa na kamfereji ambako huwezi kukaona mpaka taa ya mezani iwake kwa ubavu na kivuli kiingie. La tatu litakuwa na kishimo, la nne na mkunjo unaofanana na herufi Y, la tano na uvimbe mdogo ulioungana na jino. Mwishoni kabisa, daraja 7, kuna kinundu kikubwa chenye ncha yake huru, utadhani gego limeota gego dogo ubavuni. Kati ya mkunjo na uvimbe kuna mahali ambapo macho ya watu wawili waaminifu hayakubaliani. Mwanafunzi makini hukagua meno yaleyale tena baada ya wiki kadhaa bila kutazama alichoandika mwanzo, kisha hupima ni mara ngapi amejipinga mwenyewe. Msimamizi mzuri hukidai kipimo hicho kabla ya kutazama matokeo mengine yoyote.

Sifa hii ya Carabelli inafundisha jambo jingine, nami naliona kubwa kuliko yote katika hatua za mwanzo. Kwa miaka mingi vitabu viliieleza kuwa ni alama ya Wazungu. Chukulia watu 100 wa jamii moja na 100 wa jamii nyingine. Ukihesabu kila dalili, pamoja na vile vifereji na vishimo, jamii zote mbili zinaweza kukupa idadi kubwa inayokaribiana. Ukihesabu vinundu vyenye ncha huru peke yake, idadi hushuka kote na pengo kati ya jamii hizo linaweza kupanuka, kufungika au kugeuka upande. Watu ni walewale na meno ni yaleyale. Aliyehamisha mstari wa kuhesabia ni mtafiti. Ndiyo maana ukikutana na sentensi kama "asilimia fulani ya jamii hii ina kinundu cha Carabelli", swali la kwanza liwe: kuanzia daraja lipi? Sentensi isiyo na jibu la swali hilo haina matumizi.

Ipo pia hesabu ya kushoto na kulia. Gego la kulia linaweza kuwa na kinundu ambacho la kushoto halina, ingawa jeni ni zilezile kwa pande zote mbili. Wengi hufuata kanuni ya kumhesabu mtu mara moja, kwa upande uliokolea zaidi, kwa kuchukulia kwamba upande huo ndio unaoonyesha vizuri uwezo uliomo katika urithi wake. Ukihesabu meno badala ya watu, sampuli yako inajikuza maradufu bila kuongeza taarifa yoyote.

Kwa nini kinundu kitokee huku kisitokee kule? Maelezo mazuri yamepatikana katika maabara za baiolojia ya ukuaji, hasa kwa kazi ya Jukka Jernvall na wenzake wa Helsinki. Jino likiwa bado tishu laini, hutokea vifundo vidogo vya seli vinavyoongoza mahali pa kila kinundu. Kila kifundo hutoa ishara za kemikali zinazozuia kifundo kingine kuota karibu nacho. Kinachofuata lazima kisubiri tishu ikue hadi pawe na nafasi nje ya eneo lililozuiwa, na madini yakiwahi kugandisha umbo, nafasi imekwisha. Kwa hiyo vinundu vya mwanzo hupatikana kwa kila mtu, na vya mwisho mwisho, kama kile cha Carabelli, hutegemea tofauti ndogo za ukubwa wa jino na umbali kati ya vifundo vilivyotangulia. Hakuna haja ya kutafuta jeni ya Carabelli. Kinundu hicho ni matokeo ya mchakato mzima, ndiyo maana kinakuja kwa madaraja na hakitoki kama swichi ya kuwasha na kuzima. Huenda hata jino la kushoto na la kulia la mtu mmoja yakapishana kidogo kwa wakati, na matokeo yakatofautiana.

Kuna upungufu mwingine unaotokana na hapo. Kama sifa mbili zinazalishwa na mchakato mmoja, kuzihesabu kama ushahidi wa aina mbili ni kumsikiliza shahidi mmoja mara mbili. Hali hiyo inaonekana wazi zaidi kwenye beleshi, ambalo ndilo lenye maelezo ya kijenetiki yaliyofika mbali.

Jeni iitwayo EDAR hushiriki kuunda viungo vinavyotokana na tabaka la nje la kiinitete: nywele, meno, tezi za jasho, tezi za maziwa. Asia Mashariki na Amerika kuna toleo la jeni hiyo ambalo protini yake, katika nafasi ya 370, ina alanini mahali pa valini, zote mbili zikiwa asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Badiliko lenyewe ni dogo. Mwaka 2009 Ryosuke Kimura na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba toleo hilo huambatana na meno ya beleshi, na kwamba kila nakala inayoongezeka huongeza ukali wa beleshi. Mwaka 2013 kundi lililoongozwa na Yana Kamberov lilipandikiza badiliko hilo kwa panya. Panya hao wakawa na nywele nene zaidi, tezi nyingi zaidi za jasho kwenye nyayo, na matawi mengi zaidi katika tezi za maziwa. Toleo hili linaonekana kuzuka miaka 35,000 hivi iliyopita, na lilienea kwa kasi ambayo bahati peke yake haiwezi kuieleza. Uteuzi wa asilia ulilisukuma.

Lakini uliteua nini hasa? Si rahisi kuamini kwamba kingo mbili nyuma ya meno ya mbele ziliwafanya watu wazae watoto wengi zaidi waliopona. Wengine wamependekeza tezi za jasho. Leslea Hlusko na wenzake, katika makala ya mwaka 2018 iliyotumia mabaki ya watu zaidi ya 5,000 kutoka maeneo 54 ya kiakiolojia, walipendekeza tezi za maziwa. Kwa maelezo yao, watu walioishi Beringia, nchi kavu iliyounganisha Siberia na Alaska, wakati wa kilele cha barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, walikuwa na mwanga hafifu wa jua na upungufu wa vitamini D, hivyo mama ambaye tezi zake zilipitisha virutubisho vizuri zaidi kwa mtoto alikuwa na faida kubwa. Hiyo ni dhana na itaendelea kujaribiwa. Kwa mwanafunzi wa meno funzo lake liko wazi tayari: sifa inaweza kuenea katika jamii nzima kwa sababu zisizohusiana na kutafuna wala na jino lenyewe. Na kwa kuwa EDAR hugusa pia ukubwa wa mataji pamoja na kingo za upande wa mbele wa meno hayohayo, sifa hizi haziwezi kuingizwa kwenye hesabu kana kwamba hazijuani.

Baada ya kukagua, mwanafunzi ana jedwali: watu kwa safu, sifa kwa nguzo, na nafasi wazi chungu nzima. Nafasi hizo zinahitaji kufikiriwa kuliko wengi wanavyofikiri. Jino lililosagika halikaguliki, kwa hiyo wazee hutoka kwenye sampuli. Jino lililooza na kung'olewa halipo, na magego yenye mifereji na vishimo vingi ndiyo yanayonasa chakula na kuoza kirahisi, hivyo sifa unayoitafuta yaweza kuwa ndiyo iliyosababisha jino lisiwepo. Siku hizi picha za eksirei za pande tatu husaidia kidogo: chini ya enameli kuna uso wa dentini ambao hubeba ramani ileile ya vinundu, na unaweza kusomeka hata pale enameli imeanza kuchakaa. Lakini vifaa hivyo havipo kila mahali, na plasta bado inafanya kazi kubwa.

Kutoka kwenye jedwali hilo hupatikana asilimia za kila sifa, na kutoka kwenye asilimia hizo hupatikana kipimo cha umbali kati ya jamii. Kipimo kinachotumika zaidi kilibuniwa na mwanatakwimu C. A. B. Smith kwa ajili ya kulinganisha koo za panya wa maabara, kikachapishwa katika miaka ya 1960 na baadaye kuhamishiwa kwa binadamu. Hujumlisha tofauti za sifa zote na kusahihisha kwa ajili ya udogo wa sampuli. Udhaifu wake ni kwamba hutoa namba nzuri hata ukikilisha data mbovu. Ukichukua watoto 60 wa kijiji kimoja ambao wengi ni ndugu, umepima ukoo na kuuita jamii.

Je, umbali unaopatikana kwa meno unalingana na ule wa DNA? Hapa maendeleo ya miaka ya karibuni yanatia moyo. Hannes Rathmann na Hugo Reyes-Centeno walichapisha mwaka 2020 utafiti uliochukua sifa 27 za taji na mizizi na kujaribu kila mchanganyiko unaowezekana, zaidi ya milioni 134, wakiulinganisha na tofauti za kijenetiki kati ya jamii. Waligundua kuwa sifa hazina uzito sawa. Baadhi ya michanganyiko hufuatana na DNA kwa karibu sana, mingine vibaya. Nadhani utafiti huo unapaswa kusomwa na kila anayeanza, kwa sababu unaondoa ule mtindo wa kukusanya sifa zozote zinazopatikana na kuamini kwamba wingi utaficha udhaifu.

Meno yaliwahi kutangulia DNA, tena kwa ufasaha. Turner alizigawa jamii za Asia katika mifumo miwili: ule wa kaskazini na mashariki, wenye mabeleshi yaliyokolea na sifa nyingine zilizokomaa, na ule wa kusini mashariki, ulio mwepesi zaidi. Mwaka 1976 alionyesha kwamba Waainu wa kaskazini mwa Japani wanafanana meno na watu wa kale wa Jomon, waliokalia visiwa hivyo maelfu ya miaka, ilhali Wajapani wengi wa leo wanafanana na watu wa bara. Maana yake ni kwamba wahamiaji waliingia Japani kutoka bara na kuchanganyika na wenyeji kwa viwango tofauti kulingana na mahali. Miongo kadhaa baadaye DNA, ikiwemo ya mabaki ya kale, ilithibitisha kiini cha hoja hiyo.

Alipokwenda mbali zaidi matokeo yalikuwa mchanganyiko. Mwaka 1986, akiwa na mwanaisimu Joseph Greenberg na mwanajenetiki Stephen Zegura, alipendekeza kwamba Amerika ilijazwa na misafara mitatu kutoka Asia. Sehemu ya lugha ilipingwa vikali. Utafiti mkubwa wa DNA wa mwaka 2012 uliona angalau mikondo mitatu, lakini ukaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya wenyeji wa Amerika wanatokana na mkondo mmoja wa kwanza, na kwamba waliokuja baadaye walichanganyika nao. Meno yaliona mpangilio. Idadi na nyakati za misafara zilihitaji ushahidi mwingine.

Afrika nayo ina hadithi ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Fani hii ilikua kwa kutazama Ulaya, Asia na Amerika, na meno ya Waafrika yakawekwa kapu moja. Joel Irish, aliyekusanya data za maelfu ya watu wa bara hili wa zama mbalimbali, alibadilisha picha. Kuanzia miaka ya 1990 alionyesha kwamba jamii za kusini mwa Sahara zina mkusanyiko wake wa sifa zenye viwango vya juu: ukingo wa mbele wa chonge ya juu ulioungana na uvimbe wa karibu na ufizi, kinundu cha saba katika gego kubwa la kwanza la chini, mfereji wa umbo la Y katika la pili la chini, gego dogo la kwanza la juu lenye mizizi miwili, na magego ya mwisho yanayoota kwa watu wengi bila kukosekana. Jamii za kaskazini mwa Afrika, kwa upande wao, ziko karibu zaidi na zile za Ulaya na Asia Magharibi, ambazo meno yake yamepunguza sifa nyingi. Kati ya kaskazini na kusini hakuna ukuta. Viwango hupanda na kushuka taratibu kutoka eneo hadi eneo, na ndani ya eneo lenyewe kuna tofauti za kutosha kumpa mwanafunzi kazi ya miaka.

Hatari ya kufananisha bila kupima mizizi ya jambo, na hapa mizizi ni mizizi kweli, ilijitokeza katika mjadala wa taya ya Xiahe. Taya hiyo iliokotwa mwaka 1980 katika pango la uwanda wa juu wa Tibet, ina umri wa angalau miaka 160,000, na mwaka 2019 ilitangazwa kuwa ya Wadenisova, binadamu wa kale wa Asia waliokwisha kutoweka. Gego lake kubwa la pili la chini lina mizizi mitatu. Kwa binadamu wa leo gego kubwa la chini lenye mizizi mitatu ni adimu nje ya Asia na Amerika, chini ya watu wanne katika 100, ilhali katika baadhi ya jamii za Asia na Amerika hufikia asilimia 40. Shara Bailey na wenzake wakaona hapo dalili kwamba watu wa Asia walirithi sifa hiyo kutoka kwa Wadenisova. Richard Scott, Irish na María Martinón-Torres wakajibu kwamba mzizi wa tatu wa Xiahe haujakaa wala kuumbika kama ule wa watu wa leo, kwa hiyo usihesabiwe kuwa kitu kimoja. Mimi naegemea kwa waliojibu. Kuhesabu mizizi mitatu ni rahisi; kuthibitisha kwamba mzizi wa tatu huku na kule ni uleule kunahitaji kutazama umetokea upande gani, umbo lake na nafasi yake.

Turudi kwa swali la jino moja. Wataalamu wa uchunguzi wa vifo hulikabili kila wanapoletewa mabaki yasiyo na jina. Ipo programu ya kompyuta iliyotengenezwa na Scott na wenzake, ikatolewa mwaka 2018, ambayo hupokea madaraja ya sifa kadhaa za mtu mmoja na kutoa uwezekano kwa kila kundi kubwa la kijiografia. Matokeo yake ni uwezekano tu, huimarika kadiri meno yanavyokuwa mengi, na hukosea kwa watu wa jamii zilizochanganyika au zisizokuwemo kwenye data za kulinganishia. Hakuna mchunguzi mwaminifu anayeandika kabila kwenye ripoti kwa kutazama gego.

Hilo ni muhimu kwa sababu meno yana historia mbaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 sifa hizi zilitumiwa kupanga binadamu kwa ngazi, na mafuvu mengi yaliyomo kwenye makabati ya makumbusho yalichukuliwa bila ridhaa ya ndugu wa marehemu. Marekani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuwarudishia wenyeji mabaki ya wahenga wao, na nchi nyingine zimeanza kurudisha. Kwa upande wa sayansi, Richard Lewontin alishaonyesha mwaka 1972 kwamba takribani asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya jamii zenyewe, si kati yao. Meno yanatii kanuni hiyohiyo. Chumba kimoja cha majirani kinaweza kukupa madaraja karibu yote ya Carabelli, na mwenye beleshi kali wa bara moja akafanana sifa nyingine zote na mtu wa bara jingine.

Ndiyo maana kiambatisho cha mwisho cha tasnifu, kile ambacho wengi hukiacha kwa kuona kinajaza kurasa, kinastahili kulindwa kuliko sura ya hitimisho. Mwanafunzi anayechapisha asilimia peke yake anamlazimisha kila atakayemfuata kukubali mstari aliouchora yeye. Anayeweka wazi daraja la kila sifa kwa kila mtu, bila majina, kushoto na kulia, pamoja na kosa lake la ukaguzi na ridhaa aliyoipata, anamwachia mtafiti wa kesho nafasi ya kuuhamisha mstari huo, kutupa sifa zitakazoonekana kurudia shahidi mmoja, na kuziunganisha data zake na za jamii ambazo bado hakuna aliyezikagua.